Jibu la Sufuria ya Koko

Mapendo wangu,

Umekwenda kusukwa kwa Mama Riziki, na kwa jinsi ninavyomjua Mama Riziki na mdomo wake, hutarudi kabla jua halijashuka. Nimefunika cherehani. Yule mama wa kwaya nimemwambia aje kesho kutwa, amenuna, na anune. Nimekaa kwenye kiti changu cha kazi, karatasi iko juu ya meza ya kukatia, na ninakuandikia wewe ambaye utalala chumba cha pili, hatua nne kutoka hapa. Ningeweza kungoja urudi nikuambie kwa mdomo. Nimejaribu hivyo tangu Jumapili, na kila nikifungua kinywa natoka na habari ya zipu ya begi lako.

Kuhusu Lilongwe sina la kukuelekeza. Area 25 umeshafika mara nyingi kuliko mimi, na mama wa kanisa utakayekaa kwake amekupenda hata kabla hujahamia. Barua ya chuo na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini umezitia kwenye mfuko wa plastiki na umenionyesha mara tatu. Mambo ya kula, kulala na kusali, ambayo sikukufundisha mimi amekufundisha Mama Riziki, tena kwa sauti kubwa. Ninaandika kwa sababu ya lile ulilolisema juu ya Koko, bibi yako, Jumapili tulipokuwa tunakula.

Ulikuwa umeshika tonge mkononi. Ukasema, "Papa, nikifika kule ntatafuta namna ya kumupata Koko. Banasema ile kambi ya Tanzania sasa iko na darasa ya ordinateri. Ntabatumia mchezo wangu, mutu amusomee, yeye aseme tu anataka kuuliza nini."

Nikainuka nikatoka uani. Nilisimama nikiangalia nguo kwenye kamba mpaka nikakusikia unaosha vyombo. Hukunifuata wala hukushangaa. Ulikuwa umeshaniandika hivyo hivyo kwenye mchezo wako, na nilijua kwamba unajua.

Niseme kwanza juu ya huo mchezo, maana niliudharau. Ulipoanza kwenda kwenye lile darasa la ordinateri, la kompyuta, karibu na soko, nilifurahi. Nilidhani utajifunza kuchapa barua za watu. Kumbe unaandika nyumba. Nyumba nzima ya maneno matupu, hakuna picha hata moja, mtu anasoma "Uko jikoni," anaandika "angalia meko," anasomewa meko. Nikakuambia huo ni mchezo wa vipofu. Ukacheka, ukavuta kigoda ukanikalisha karibu na ile kompyuta ya kuazima, ukanionyesha kazi yenyewe ilivyo.

"Angalia hii tablo, Papa. Huku chini ni bantu. Huku juu ni bitu. Kila mutu na kila kitu, kuna nafasi. Muchezaji akiuliza Koko juu ya meko, anakuja hapa, anatoa jibu. Pahali sijaandika, mutu anajibu tu, 'Sijui hilo.'"

Hilo jedwali nililielewa mara moja, na nadhani ulishangaa. Ni daftari langu la vipimo. Majina ya wateja huku chini, bega na kiuno na urefu huku juu, na pasipo na namba ni pale ambapo sijampima mtu. Kisha ukaniambia kwamba shida si kuandika majibu mengi, shida ni kujua nani amekiona kitu gani. Cherehani hii tuliipata hapa kambini Dzaleka, kwa hiyo Koko hawezi kuijua, mchezaji akimuuliza, anajibu, "Hicho ni nini, mjukuu wangu?" Uliyasema hayo kama kanuni ya kazi tu. Mimi nilikuwa nahesabu kimya kimya vitu vyote vya nyumba hii ambavyo Koko hakuviona, na nilipofika kwako wewe, na urefu wako huu, nikasema macho yananiuma.

Ndipo ukafika kwenye sufuria. "Hapa njo nimekwama," ulisema. "We na sufuria. Nitaandika nini?"

"Andika tulinunua Uvira."

"Papa, ile niko najua. Mi nataka ya kweli, sitaki ya bongo, ya kudanganya."

Nikakuambia ninayo kazi, na kwamba michezo haishoni nguo ya mtu. Nilipandisha sauti. Ukaandika nilivyosema, ukafunga kompyuta taratibu, na kwa wiki nzima tulizungumza habari ya chumvi na maji tu.

Halafu ikaja siku ya maonyesho ya darasa lenu. Nilivaa koti. Ulinikalisha mbele ya mchezo wako, watu wamejaa nyuma yangu, nikaanza kubofya kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Nikaingia jikoni. Nikaandika: angalia sufuria. Ikajibu: "Sufuria ya alumini, pana. Chini kuna mahali palipokwanguliwa." Nikamuuliza Koko kuhusu sufuria. Akajibu: "Ni yangu. Igeuze, utaona alama yangu." Nikaigeuza. Hakuna alama, pamekwanguliwa. Basi nikamuuliza yule mtu anayeitwa Papa.

"Tulinunua Uvira."

Nikamuuliza tena. "Nimeshakuambia."

Nikamuuliza mara ya tatu. "Papa anainuka, anatoka uani."

Watu walicheka sana. Mmoja akasema, "Eh, fundi, njo we kabisa!" Nami nikacheka pamoja nao, na shingo yangu ilikuwa ya moto. Mwalimu wako akaeleza kuwa hakuna aliyewahi kuumaliza mchezo huo, kwa sababu mlango wa barabarani haufunguki mpaka majibu mawili kuhusu sufuria yapatane, na hayapatani. Akakuuliza mbele ya watu kwa nini hujaurekebisha. Ukasema, "Namungojea Papa."

Nimekungojesha vya kutosha, mwanangu. Nisikilize sasa, nitasema mpaka mwisho.

Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka miwili, na Koko, mama yake, ndiye aliyekubeba mgongoni tulipotoka Uvira, kule Congo, na kuvuka kwenda Tanzania. Tulikaa kambini kule miaka mitatu na zaidi. Sufuria ilikuwa yake, aliipata kule kwenye mgao. Alichukua msumari akaigonga chini vidoti vitano kwa mstari na kimoja juu, kwa sababu kwenye misiba na arusi sufuria huchanganyika, na yeye hakuwa mtu wa kupoteza sufuria. Unajua kwetu mkwe hagusi chungu cha mama mkwe wake. Mimi hata kula mbele yake sikula, nilikuwa natengewa chakula nyuma ya turubai. Lakini siku tuliyoondoka kuja huku, alinipa sufuria ile kwa mkono wake mwenyewe, na ndani yake alikuwa ametia unga na nguo zako mbili.

Magoti yake hayakuweza safari. Alisema, "Baba, mutangulie na mutoto. Mukishapata pa kukaa, mutanichukua." Nikamwambia kiangazi hakitapita kabla sijamchukua. Nilisema hivyo mbele yako, ukiwa umemshika kanga. Sikuwa namdanganya. Nilikuwa na nia hiyo kama ninavyoshika kalamu hii.

Tulipofika hapa tulilala kwanza pale wanapopokelewa wageni, na wanaume waliotutangulia wakanifundisha jinsi ya kujibu. Walisema ukitaja tu kwamba ulikuwa Tanzania, unarudishwa Tanzania. Sema ulitoka Congo moja kwa moja. Nikauliza, na mama mkwe je? Wakaniuliza kama yumo kwenye msafara. Nikasema hayumo. "Basi amekufa," mmoja wao akasema. "Amekufia Uvira. Mutu akiwa hai, watauliza iko wapi." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananisaidia, na mimi nilishukuru.

Nikakaa na wewe siku mbili nikikufundisha. Ulikuwa na umri wa miaka sita. Ukiulizwa kuhusu sufuria, sema Uvira. Ukiulizwa kuhusu barabara, sema ulilala. Ukiulizwa kuhusu Koko, sema alikufa. Nilikuuliza, ukajibu, ukikosea, nilirudia. Juzi hapa nilikuwa nakuangalia unavyoijaza ile tablo yako, mtu na kitu, mtu na kitu, na nikaona aibu iliyonitoa jasho. Kazi hiyo niliianza mimi, na nafasi nilizokuwa najaza zilikuwa za kinywa chako.

Ofisini yule mama aliyekuwa anatuhoji hakukuuliza hata kimoja katika hivyo. Alitaka tu kukuchangamsha. Kwa mdomo wa mkalimani akakuuliza unapenda chakula gani. Ukanitazama. Ukasema, "Koko alikufa." Yule mama akaweka kalamu chini akakupa pole, na akaandika.

Jioni yake, tukiwa tunapanga vitu kwenye nyumba hii, uliniuliza, "Papa, sasa Koko amekufa kweli, juu ya vile nimesema?"

Nikakuambia hapana, ni maneno tu. Ukauliza kama yeye anajua kwamba ni maneno tu. Nikachukua tupa ya kunolea mkasi, nikaigeuza sufuria, nikaanza kukwangua zile alama, maana niliogopa mtu aliyepitia kambi ile atazijua. Ulisimama hapo mlangoni ukiniangalia mpaka nikamaliza. Nilikwangua mno, ndiyo maana ilitoboka na nikaipeleka kuzibwa. Kwa miaka yote hii nimejipa moyo kwamba umesahau, na wewe unakumbuka mpaka mahali palipokwanguliwa.

Sasa sehemu iliyo mbaya zaidi. Nilipomwandikisha Koko kuwa marehemu, nilijifungia njia mwenyewe. Mtu aliyekufa kwenye karatasi hawezi kushuka kwenye gari na kuomba nafasi kwenye kadi ya familia yako. Kila kiangazi kilipokuja nilisema nitakwenda kusahihisha, kisha nashona mpaka kinapita. Ofisi unaijua ilipo. Nilipita mbele yake kila nilipokwenda kununua uzi.

Mwaka wa tatu Mama Riziki alikuja kushonesha. Nikiwa nampima, akanisimulia jinsi alivyofika. Alikuwa amepitia kambi ile ile tuliyopitia sisi. Nikamuuliza, kwa mzaha, alisema nini kwenye mahojiano. "Mi nilisema yote. Sijui kupanga bongo, nitasahau katikati. Bakaandika, bakasema zikomo, asante, bakaita mwingine." Hakurudishwa popote, kama unavyomwona. Lile gauni la kijani analolilalamikia mpaka leo kwamba linambana mabega, nilikosea kipimo dakika ile ile. Na Koko alikuwa hai, Mapendo. Alikuwa hai siku hiyo na miaka mingi baadaye, na mimi nilikata kitambaa, nikashona, nikanyamaza.

Alikuwa anapiga simu. Hilo hulijui. Alitumia simu ya jirani yake, Mama Ombeni, siku za Jumamosi, na mimi nilikuwa natoka nayo mpaka uwanja wa mpira ili usisikie. Niliogopa utamwambia rafiki yako shuleni kwamba umeongea na Koko. Aliuliza mambo matatu: kama umekua, kama unakula, kama sufuria bado ipo. Halafu angesema, "Mupe simu mutoto." Nami ningesema umekwenda shule. Siku moja akasema, "Shule ya Jumamosi. Sawa, baba." Akaendelea kuuliza juu ya mvua. Ile "sawa, baba" naisikia hata cherehani ikiwa inakwenda.

Simu ya mwisho aliyepiga ni Mama Ombeni mwenyewe. Ilikuwa mchana. Alisema, "Baba Mapendo, mama ametutoka. Tumemuzika jana." Nikamshukuru kwa kunijulisha, nikarudi kitini, nikamaliza kola niliyokuwa nashona. Ulipotoka shule uliniuliza kama niko mgonjwa. Nikasema ni macho.

Sasa ni miaka minne. Koko amekufa, mwanangu. Kule Lilongwe hakuna namna ya kumpata.

Sikukaa kilio. Ningewaitaje watu waje kukaa na mimi, na walishanipa pole ya mtu huyo huyo mwaka tuliofika? Lakini hiyo ni sababu ya kuwanyima majirani, si sababu ya kukunyima wewe. Kwako nilikuwa na sababu nyingine. Nililikumbuka lile swali lako ulipokuwa na miaka sita. Niliogopa kwamba nikikuambia amekufa, utafikiri yale maneno yako yalisafiri mpaka yakamfikia. Nikaona afadhali umngoje kuliko ujilaumu. Kisha ukaanza kumwandika, akawa anaongea kwenye ile nyumba yako, anajibu kuhusu meko na kanga na chumvi, na kila siku uliyomwongezea jibu moja nilizidi kushindwa.

Basi sikia: maneno yale hayakuwa yako. Yalikuwa yangu, wewe nilikubebesha tu, nawe ulikuwa mdogo kuliko mzigo. Hukumuua mtu. Aliugua kifua, Mama Ombeni alikuwa naye, na wiki ile ya mwisho bado alikuwa anasimulia habari za mjukuu wake anayesoma mpaka Jumamosi.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Usiharakishe kunisamehe ili usafiri ukiwa mwepesi. Nilikuibia sauti yake Jumamosi zote zile, na mama wa watu nilimwacha akingoja kiangazi. Mimi mwenyewe sijajua nifanye nini na hilo. Jambo moja nimelifanya. Juzi, ulipokwenda kuaga kanisani, nilikwenda ofisini nikasimama kwenye foleni kama mtu aliyefika jana, nikasema nataka kusahihisha habari niliyotoa zamani. Kijana aliyenihudumia aliniuliza ni habari gani. Nikasema, mama mkwe wangu hakufia Uvira. Wamenipa siku ya kurudi. Sijui watasema nini, na naogopa, ila siku hiyo nitakwenda.

Sufuria ni yako, uende nayo. Leo asubuhi nimechukua msumari nikagonga chini yake vidoti vitano na kimoja juu. Havijanyooka, na pale palipozibwa sikugonga, nimeogopa kupatoboa tena. Kwenye tablo yako, nafasi ya Papa na sufuria, futa lile jibu na uandike hivi:

"Ni ya Koko. Alinipa kwa mkono wake nikuletee wewe, na mimi nikafuta jina lake."

Kwa hesabu yangu majibu yatapatana na mlango wa barabarani utafunguka. Acha mchezaji atoke. Koko usimwondoe jikoni, mwache aendelee kujibu, na cherehani aendelee kutoijua. Nimeona pia kuna nafasi moja umeiacha tupu, Papa na Koko, na mtu akiuliza anajibiwa "Sijui hilo." Sikujua kama uliiacha kwa heshima au kwa hasira. Hiyo usiijaze kwa kubahatisha jibu langu. Nitakujibu mwenyewe.

Barua hii naiweka ndani ya sufuria, chini ya kifuniko, maana ukirudi utaishika upike cha jioni. Moto usiwashe kwanza. Utanikuta hapa kwenye kiti, mlango wa uani nimeufunga kwa komeo. Uliza mara ya kwanza. Uliza mara ya pili. Ukiuliza mara ya tatu, sitainuka.

Papa yako